Mbuzi Sita za Kupanda Lori

Mu soko hakuna kitu chenye kinaweza kunishitusha. Ninaandika hii ku mwanzo kabisa, kusudi mwenye anasoma ajue yuko na mutu gani. Nilitoka masomo ku mwaka ya ine ya primère, nikashika tshukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, nikateremusha biazi kutoka Alimbongo na Kirumba mupaka Butembo, na leo niko na depo mbili na nyumba ya etaji yenye madirisha makumi mbili na moja. Batu ba diplome banakuja kunikopa. Hakuna mutu alinifundisha biashara. Ni barabara njo ilinifundisha.

Wakati ya vita, bengine balikuwa banasikiliza radio kusudi bajue mambo inaenda wapi. Mimi nilikaa ku mwingilio ya Beni, ku barabara ya Eringeti, na karanga mu mufuko, nikaangalia tu bintu byenye batu banabeba ku kichwa. Mwenye alikimbia na jembe, ule atarudi. Hatanunua kitu isipokuwa chumvi na sabuni. Mwenye alikimbia na mulango ya nyumba yake, ule amehama. Atanunua misumari, kufuli, hata pazia. Mwenye alikuja mikono mitupu atanunua yote, mais kidogo kidogo, mafuta ya kijiko, sukari ya kufunga mu kakaratasi, na mu ile kidogo kidogo njo faida inakaa. Maharagi nayo ilikuwa na tabia yake. Wiki ya kwanza bei inaanguka, juu kila mutu alikuja na kamufuko kake. Kisha miezi mitatu inapanda mupaka unaitafuta na macho, juu batu bote beko mu muji na hakuna mwenye alibakia mu shamba. Hiyo yote niliijua na kichwa yangu, bila kalamu.

Mais ujanja wangu mukubwa ilikuwa mbabula, ile jiko ya makala. Kule village batu banapika ku mafiga tatu, kuni inatoka pori bure. Bakifika Beni, banalala kwa ndugu, familia ine mu lupango moja, uwanja moja ya nyumba, kuni hakuna, makala inauzishwa kwa kabeseni. Na mama yeyote anataka moto yake mwenyewe, juu kungojea sufuria ya mwanamuke mwengine ishuke ni kazi ya malaika. Nikamupata fundi moja ku Butembo mwenye anakata mapipa ya zamani, akanitengenezea mbabula mia mbili, nikazipandisha lori mupaka Beni. Ziliisha mu siku kenda. Nilirudi Butembo juu ya mifuko ya watu, nikiimba, mushoferi akafikiri nimekunywa.

Ku safari ya pili njo alikuja ule binti. Alisimama mbele ya meza yangu, akainua mbabula moja, akaigeuza, akaipiga upande ya chini na ngumi kama mutu anasikiliza nanasi. Kisha akapitisha kidole gumba mu tundu zake, moja moja, bila haraka.

"Hii mbabula yako inakula makala kuliko batoto benye itapikia," akasema.

Nilimuambia ni modèle ya Butembo, batu bote banaisifu.

"Basi ku Butembo makala ni ya bure."

Bamama benye balikuwa nyuma yake bakacheka, na mimi niliuzisha ile mbabula nusu ya bei. Si hiyo tu. Niliibeba mwenyewe, mimi mwenye depo, nikaipeleka mupaka kwao, nusu saa ya kutembea, na kicheko ilikuwa inanipanda mu tumbo kama soda. Ku njia aliniambia babake analima kahawa mbele ya Eringeti, na kama bangepata amani wiki ijayo, wiki ijayo bangerudi. Nilipofika Butembo nilimuambia fundi apunguze tundu. Nilimuambia ni wazo yangu. Tangu ile siku Beni muzima ilitaka mbabula ya tundu ndogo, na ile ya bangine ikabakia ku meza inashika kutu.

Babake alikuwa mukristu ya nguvu na mutu ya heshima, mwenye alivaa koti hata wakati ya joto. Alikimbia na mbuzi kumi na nane, akaingia nazo Beni kama mutu mwenye anaongoza maandamano. Balikaa kwa dada yake, shangazi ya binti, mama moja mwenye sauti kama kengele ya misa ya kwanza. Nilipopeleka neno yangu pale, na kaka yangu mukubwa kama musemaji, baba alinitazama viatu kwanza, kisha uso.

"Mahari ni mbuzi kumi na mbili," akasema. "Zenye kutembea na miguu yao. Familia zingine zinapokea franga. Mimi sipokee. Franga yangu haikuzaa hata siku moja."

Kwetu ni vile, mahari ni mbuzi, hakuna ubaya. Niliangalia tu mu lupango, sikuona mbuzi hata moja, wala mavi ya mbuzi. Kwa adabu nikauliza zile kumi na nane ziko wapi. Baba akasema ziko kwa rafiki yake, zinakula majani. Bajirani benye balikuwa pale bakaitikia na kichwa, juu nabo balishaambiwa vile vile. Mimi niliamini. Leo ninasema: nilipashwa kujiuliza, juu mimi njo nilikuwa na akili ya ile soko kuliko batu bote.

Maana mbuzi mu muji ni taabu. Ku village inakula nyuma ya nyumba. Mu muji inakula matembele ya jirani, inakula pazia, inakula kanzu ya padiri ku kamba, na jirani anakuja na fimbo. Majani ni ya kununua. Bunga ni ya kununua. Donc kila asubuhi batu ba Eringeti balikuwa banapeleka mbuzi moja ku soko, moja tu, kusudi bapate sabuni na bunga ya wiki. Zilikuwa mingi kuliko banunuzi. Bei ilianguka mupaka dola nane. Dola nane mbuzi muzima, na pembe zake.

Nilisikia furaha yenye siwezi kuieleza. Bijana bote ba Butembo balikuwa banakusanya mahari kwa miaka, mimi ningeimaliza kwa wiki mbili. Mais mutu kama mimi hawezi kuonekana mu soko ya mbuzi akibembeleza juu ya dola moja, na bakwe yake beko mu muji ule ule. Nilimutuma komisyoneri moja wa mbuzi, dalali mwembamba wa kofia yenye kuchorwa mashoka, akanunua moja moja asubuhi, kumi na mbili kwa yote. Dola makumi kenda na sita. Nilizituma Butembo na lori kusudi zinone mbele ya kuzirudisha, juu sikutaka kupeleka mbuzi zenye kuonyesha mbavu kama kanisa bila mabati. Zilikula maganda ya biazi na chumvi. Moja, nyeupe ya sikio moja nyeusi, ilizaa kule. Mutoto yake nilimupatia kaka yangu, kama shukrani ya kunisemea, na kaka yangu akaikula siku ya komunio ya mutoto wake.

Mu ile miezi nilikuwa mwalimu. Kila siku ya yenga, Jumapili, mangaribi nilikaa na bauzishaji ba mbuzi ku kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, nikawafundisha bure. Niliwaambia: ninyi munasumbuka juu hamuone mbali. Siku barabara ya Eringeti itafunguka, batu bote batarudi, na kila mutu atataka mbuzi ya kuanza nayo tena. Siku ile bei itaruka. Mwenye akili asiuzishe sasa, angojee. Komisyoneri wa kofia ya mashoka alikuwa anatikisa kichwa, ananijazia kikombe. Nilipenda sana vile alikuwa ananisikiliza.

Na barabara ikafunguka. Asubuhi moja batu balianza kupita na matela, magodoro yao, ku kichwa, uso yao yote inaangalia upande mwengine, na muji ikapumua kama mutu mwenye anafungua mushipi. Babake binti alituma neno: tulete mahari siku ya ine, Alhamisi, juu familia inarudi.

Nilizisafisha zile mbuzi na sabuni. Nilizifunga kamba nyekundu. Lori ikazishusha Beni, mbele ya lupango ya shangazi, kumi na mbili, zimenona, zinangaa, na bajirani bakasimama. Kwetu bwana harusi hapana kusema siku ya mahari yake. Anakaa kimya kama kiti, musemaji njo anasema. Nilikaa kimya, mais nilikaa na kifua mbele. Binti naye alifichwa mu jikoni, juu hatoke kabla mbuzi zihesabiwe. Shangazi akasimama na kidole yake, akaanza: moja, mbili.

Mu jikoni binti akacheka juu ya kitu fulani na benzake. Kicheko tu, fupi.

Ile mbuzi nyeupe ya sikio nyeusi ikainua kichwa. Ikavuta kamba kutoka mukono ya kaka yangu, ikapita katikati ya viti, ikaruka kibuyu cha kasiksi, ikaingia mu jikoni. Na nyuma yake ine zingine, kwa mustari, kama batoto ba masomo. Tukasikia masahani inaanguka. Kisha sauti ya binti, na furaha yote ndani:

"Papa, zetu zimerudi."

Alikuwa ameilea ile nyeupe na uji, ku kikombe, toka mama ya ile mbuzi ilikufa. Mimi sikujua. Nani angeniambia? Baba alizituma ku soko moja moja asubuhi ya mapema, kwa mukono ya mutu mwengine, juu ya haya. Mimi nilizinunua moja moja, kwa mukono ya mutu mwengine, juu ya haya yangu. Na komisyoneri alikuwa katikati, anachukua yake kwa huyu na kwa huyu.

Jirani moja akaanza kucheka ndani ya kikombe. Baba alikuwa anaangalia mikono yake. Batu bote pale balikuwa banajua neno moja tu: mbuzi ziko kwa rafiki, zinakula majani. Sasa mbuzi zilikuwa zimetoka ku lori yangu.

Nilikuwa na njia mbili. Nikisema kweli, kwamba nilizinunua mu soko na pesa yangu, mbuzi ni zangu, hesabu ni kumi na mbili, binti ni bibi yangu ile saa ile. Mais hapo bajirani bote bangejua mutu wa koti aliuzisha mbuzi zake moja moja juu ya sabuni na bunga. Mimi sijapoteza dola nane kwa mapenzi yangu hata siku moja. Na nilisimama, kiti ikasimama, kaka yangu akanivuta suruali.

"Papa, munisamehe," nikasema. "Ule rafiki wenu mwenye kuchunga ni mimi. Nilitaka kuwarudishia zenyewe leo, mbele ya batu."

Baba aliinua macho. Aliniangalia, na mara hii alianza na uso.

"Ulizichunga muzuri," akasema. "Zimenona."

Batu bakapiga makofi. Nilikaa, moyo inaruka kama ile mbuzi. Nilifikiri imeisha. Nilisahau shangazi, na shangazi njo alikuwa anapika bunga ya pesa ya zile mbuzi kila siku mu nyumba yake. Alijua yote toka mwanzo. Alitabasamu kama asali.

"Wasingya, aksanti, mutoto wetu, juu ya kuchunga. Basi mbuzi tano zimerudi kwa mwenyewe. Sasa tuhesabu zenye umetuletea wewe." Kidole ikapita. "Saba. Inabakia tano."

Kisha akaingia mu jikoni, akatoka na ile nyeupe, akaishika tumbo.

"Na hii ilienda na mimba. Muchungaji, mutoto yake iko wapi?"

Kaka yangu akakohoa mupaka bakamupatia maji.

"Inabakia sita," akasema shangazi.

Baba hakuweza tena kunisaidia. Mbele ya batu mahari ni mahari. Aliniambia na sauti ya pole, mais aliniambia. Siku ya posho, Jumamosi, asubuhi lori inaenda Eringeti. Mbuzi sita zikipanda, binti anabakia na mimi. Kama hazikupanda, atapanda yeye.

Kesho yake, siku ya tano, nilikuwa mu soko ya mbuzi kabla ya jua. Hakukuwa mbuzi. Kulikuwa kamba, na bauzishaji benye banakaa juu ya kamba. Zote balizificha mu malupango na mashamba ya migomba, banangojea. Komisyoneri wa kofia ya mashoka alinipokea na heshima yote, akanitafutia kiti.

"Makumi ine na moja," akasema. "Kila moja."

Nilimuambia miezi mitatu nyuma nilinunua kwa nane.

"Ni kweli, mukubwa. Mais wewe njo ulitufundisha. Ulisema tungojee barabara. Tulingojea."

"Makumi ine ninaelewa. Ile moja ni ya nini?"

"Ile moja ni pesa ya masomo. Wewe ulitufundisha bure. Sisi tunakufundisha kwa bei."

Wote bakacheka, na mimi, mbele ya Mungu, nilicheka kuliko bote. Ningefanya nini? Ilikuwa hesabu yangu mwenyewe, kila kitu ilitoka vile nilisema. Ni mimi tu nilikuwa ku upande mubaya ya ile hesabu.

Mbuzi sita, dola mia mbili makumi ine na sita. Nilikuwa na mia na kidogo, ya koti ya harusi na matela. Pesa yangu ingine yote ilikuwa mbabula, mia na makumi nane, ku meza, tundu ndogo, muzuri sana. Na hakuna mutu aliziangalia. Nani anabeba mbabula anaenda mahali penye kuni inaota nyuma ya nyumba? Bamama balikuwa banaacha zao ku kando ya barabara, bure, na makala ndani. Nilipita katikati ya mbabula zangu mwenyewe zenye zilitupwa, nikazisalimia.

Mais kichwa yangu haikulala. Batu banarudi, banabeba mizigo. Mwenye kubeba mizigo anataka nini? Nilituma neno Butembo, tshukudu yangu ya kwanza ikateremuka, ile yenye nilikuwa ninaipaka mafuta kila mwezi hata kisha kuwa tajiri. Nilisimama nayo ku mwingilio ya barabara ya Eringeti, na baba watatu bakaanza kushindana. Nilitoka machozi kidogo, mais nilipandisha bei nikiwa ninatoka machozi. Niliuzisha mara mbili ya bei ya tshukudu mupya. Ninawaambia, hakuna mutu mu Butembo wala Beni angeweza hiyo.

Siku ya posho mbuzi zangu sita zilipanda lori. Moja ilikataa, nikaisukuma mwenyewe na bega, na shangazi akahesabu na kidole mupaka ya mwisho. Kisha baba akapanda, na mama, na batoto, na zile tano zao, na zile saba. Binti alibakia chini, karibu na mimi, na kamufuko kake. Mushoferi akawasha motere.

Hapo ile nyeupe ikaanza kulia. Ilitia kichwa katikati ya mbao za lori, inamuangalia binti, sikio nyeusi inapiga piga. Binti aliniangalia tu, na nilijua kama nitaishi maisha yangu yote chini ya ile jicho.

Baba aliinama juu ya ubao, akasogeza mudomo ku sikio yangu, kusudi hata bibi yake asisikie.

"Wasingya kuchunga," akasema.

Ni neno mbili. Nilikuwa na depo, na baadaye nikapata ya pili na madirisha makumi mbili na moja, mais sijasikia tena neno yenye ilinifurahisha vile. Basi na furaha ile nikamuomba aniachie ile nyeupe, ibakie na mutoto wake. Aliangalia mbuzi. Aliangalia mbingu. Kumbe habari ya soko ilikuwa imemufikia yeye pia.

"Makumi ine na moja," akasema.

Nilishika mupira wa lori kusudi nisianguke, kwa kicheko. Binti naye akacheka, na mbuzi ikasikia ile kicheko, ikaruka yenyewe chini kabla nitoe pesa. Nikalipa. Mbuzi yenye nilishainunua, nikaichunga, nikairudisha kwa mwenyewe, nikainunua tena.

Bibi yangu ananikataza kutaja hesabu ya ile mahari, anasema ni kama kuweka bei ku shingo yake. Mais yeye njo aliniambia mbabula inakula makala, anajua napenda hesabu kamili. Kumi na mbili za kwanza, makumi kenda na sita. Lori ya kwenda na kurudi, chumvi na sabuni ya kuzisafisha, kumi na tano. Sita za kupanda lori, mia mbili makumi ine na sita. Ile ya sikio nyeusi, makumi ine na moja. Yote pamoja, dola mia tatu makumi kenda na nane.